Uso Haubebi Kipande

Ndugu wasomaji, juma lililopita nilikuwa Turiani, mkoani Morogoro. Wengi wetu wa mjini tukisikia Morogoro tunafikiri milima ya Uluguru tu. Turiani iko chini ya milima mingine, milima ya Nguru. Ukitoka mjini Morogoro unaiacha barabara ya Dodoma pale Magole, unakata kulia, na baada ya mwendo unaingia kwenye mashamba ya miwa ya Mtibwa. Nilikwenda kuhani msiba wa jamaa yangu. Asubuhi ya kurudi nilikaa kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi nikisubiri basi, mbele yangu chai ya rangi na chapati mbili. Meza hiyo hiyo alikuwapo mzee mmoja wa umri unaokaribia miaka tisini, kofia ya kiua kichwani, fimbo kati ya magoti.

Basi la kutoka Morogoro likaingia. Akashuka mama mmoja mgeni, mfupi, nywele nyeusi tii zimefungwa kisogoni, uso umepigwa na jua mpaka ukawa wa maji ya kunde. Vijana wa bodaboda hawakungoja. "Mhindi huyo!" akasema mmoja. "Mwarabu, hebu mtazameni pua," akasema wa pili. Wa tatu akasema ni Mtaliano. Yule mama akawasikia, akacheka, akawajibu kwa Kiswahili cha kujifunza lakini cha kueleweka: "Hapana, mimi natoka Polandi. Nimekuja kuwatembelea rafiki zangu hospitali ya misheni."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. "Wapolandi si ndio wale weupe pee wenye nywele za njano? Tunawaona kwenye mpira." Mwenzake akamkata: "Kwani Lewandowski ana nywele za njano?" Wakabishana mpaka abiria mmoja wa pikipiki akaondoka zake kwa miguu. Mzee wangu alikuwa kimya muda wote huo. Mwishowe akatikisa kichwa, akasema kwa sauti iliyosikika meza zote: "Huyu mama anatudanganya. Wapolandi mimi nawajua. Niliwaona kwa macho yangu mawili pale Morogoro, wakati wa vita ya Hitler. Nywele zao zilikuwa ndevu za mahindi, na macho yao kama maji ya kisima."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nilijua kwamba mzee hakuwa akiota. Na nilijua pia kwamba katika maneno yale machache, uso na pua na nywele, kulikuwa na habari ndefu inayotuhusu sote. Leo nataka tuizungumze.

Tuanze na mzee. Wapolandi walikuwapo kweli nchini mwetu, tena kwa maelfu. Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi. Tarehe 17 mwezi huo huo Urusi ya Stalin ikaivamia kutoka mashariki. Nchi ikagawanywa kama mkate. Kuanzia Februari 1940, katika ule upande uliochukuliwa na Warusi, mamia ya maelfu ya watu walitolewa majumbani mwao, wengi usiku, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan kukata magogo na kulima mashamba ya serikali. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa. Hitler alipomgeuka Stalin mwaka 1941, Warusi walihitaji marafiki, na Julai mwaka huo wakapatana na serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London. Waliobaki hai wakafunguliwa. Katika mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na raia, wakavushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran. Askari wakaenda vitani. Kina mama, watoto, yatima na wazee wakatafutiwa mahali pa kukaa, na mahali pengi palipopatikana palikuwa Afrika.

Ndivyo walivyofika kwetu Wapolandi wanaokaribia 19,000, wakitawanywa kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini. Uganda walikaa Masindi na Koja, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru, chini ya Mlima Meru, karibu na ziwa dogo la Duluti, ambako walikaa watu wapatao 5,000 katika nyumba za duara zilizoezekwa kwa majani. Kambi ndogo zilikuwa Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Kwa hiyo mzee wetu alisema kweli kuhusu Morogoro.

Nikamsogelea, nikamwamkia upya, nikamwomba anieleze. Akasema baba yake alikuwa akiuza kuni mjini, na yeye, mtoto mdogo, alikuwa akimfuata. Kilichomshangaza zaidi ya nywele ni jambo jingine. "Niliona mama wa Kizungu amebeba ndoo ya maji mwenyewe. Niliona mtoto wa Kizungu hana viatu, miguu imepasuka kama yangu. Nikamwuliza baba, hawa ni wazungu gani? Baba akasema, ni wazungu waliofukuzwa kwao. Mimi nilidhani mzungu hafukuzwi."

Ndugu zangu, kauli hiyo ya mwisho ina somo kubwa. Ukoloni haukutawala kwa bunduki peke yake. Ulitawala pia kwa picha iliyowekwa vichwani mwetu: kwamba mzungu ni mtu wa namna moja, habebi mzigo, hatembei peku, halii njaa, na uso wake wenyewe ndio cheti chake cha kutawala. Serikali ya kikoloni ilijua nguvu ya picha hiyo, na ndiyo maana wakimbizi wale waliwatia wakubwa wasiwasi. Mzungu maskini, anayelima bustani yake mwenyewe mbele ya macho ya Mwafrika, alikuwa akiitoboa ile picha. Waliwekwa kwenye makambi yao, na vita ilipokwisha serikali haikutaka wabaki. Wengi wao walipelekwa Uingereza, Australia, Kanada na kwingineko, na wachache tu wakaruhusiwa kukaa.

Wala hawakuwa wazungu wa kwanza kuwekwa daraja la chini na wazungu wenzao. Watu wa Kilosa na Kimamba wanawakumbuka Wagiriki wa mashamba ya mkonge. Wagiriki wengi walikuja kama vibarua na mafundi wa reli wakati wa Wajerumani, na wakubwa wa Kijerumani hawakuwahesabu kuwa sawa nao. Kumbe ndani ya lile neno letu moja, "mzungu", mlikuwa na ngazi nyingi, na aliyekuwa juu alimtazama wa chini kwa jicho lile lile alilotutazamia sisi.

Sasa tuje kwenye uso wenyewe. Je, Mpolandi ana sura gani?

Polandi ya kabla ya vita, kwa hesabu ya watu ya mwaka 1931, ilikuwa na watu karibu milioni 32. Katika kila kumi, saba hivi ndio waliosema Kipolandi nyumbani. Waliobaki walikuwa Waukraini, Wayahudi, Wabelarusi, Wajerumani na wengineo. Walikuwamo Watatari, Waislamu ambao mababu zao walifika upande ule zaidi ya miaka 600 iliyopita, na mpaka leo vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki vina misikiti yao ya mbao. Walikuwamo Waarmenia, wafanyabiashara wa tangu zamani. Watu hawa waliishi jirani, wakaoana, wakazaa. Ukitembea leo katika mji wa Polandi utaona nywele za ndevu za mahindi kama alivyosema mzee, utaona nyingi zaidi za rangi ya mchanga na kahawia, na utaona nyeusi kama za yule mama wa stendi. Utaona macho ya buluu, ya kijivu, ya kijani na ya kahawia. Vuka mpaka uingie Ujerumani, Chekia, Lithuania au Ukraini, utaona hayo hayo. Rangi za watu hubadilika kidogo kidogo kadiri unavyosafiri, kama maji ya mto yanavyoingia baharini, na hakuna mahali mtu anaweza kuchomeka kigingi akasema hapa ndipo uso wa Mpolandi unapokoma.

Ukienda makaburini Tengeru utauona ushahidi wa haya. Kuna makaburi 149 ya wakimbizi wale. Wamo Wakatoliki, wamo Waorthodoksi, wamo Wayahudi. Wote waliitwa Wapolandi walipofika, na wote walizikwa katika udongo mmoja wa Meru.

Lakini wapo watu waliokataa kuamini kwamba uso hauna mpaka. Hao walichukua rula.

Mwaka 1907 msafara wa Kijerumani ulioongozwa na mwana wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, Adolf Friedrich, ulipitia Bukoba ukaingia Rwanda na Kongo. Ndani yake alikuwamo kijana msomi wa miaka 25, Jan Czekanowski. Huyu alikuwa Mpolandi. Wakati ule Polandi haikuwapo hata kwenye ramani, kwani tangu 1795 ilikuwa imegawanywa na Urusi, Prussia na Austria, na haikurudi mpaka 1918. Fikirini, ndugu zangu. Mtu wa taifa lililokatwa vipande anafika kwetu, baada ya sisi nasi kukatwa vipande na mataifa ya Ulaya, naye anakuja na chombo chenye miguu miwili kama koleo, cha kupimia vichwa. Alipima watu kwa maelfu: urefu, upana wa pua, mzunguko wa kichwa. Wala hakupima walio hai tu. Alikusanya pia mafuvu, mengi yakiwa ya Rwanda, yakapakiwa masandukuni na kusafirishwa hadi Berlin kuungana na mengine yaliyotolewa Tanganyika na Kenya.

Aliporudi Ulaya akawa profesa mkubwa katika mji wa Lwów, akaanza kuwapima Wapolandi wenyewe. Akawagawa watu wa Ulaya katika makundi: huyu wa aina ya kaskazini, huyu wa Bahari ya Kati, huyu wa aina ya Armenia. Kijiji kimoja, pengine familia moja, ikatoka na aina tatu. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa Hitler. Lakini vita ilipokuja aligundua kwamba rula aliyoizoea ilikuwa mikononi mwa wauaji.

Wauaji hao walikuwa na wasomi wao. Mmoja aliitwa Otto Reche. Mwaka 1914 alichapisha huko Hamburg kitabu kikubwa juu ya watu wa nchi ya kati ya Tanganyika, ile ambayo mito yake haifiki baharini, ambamo Kondoa imo. Miaka 25 baadaye, Hitler alipoivamia Polandi, Reche huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliotoa ushauri juu ya damu ya Wapolandi, akisisitiza kwamba Wajerumani wasichanganyike nao. Halafu kwa mizunguko ya dunia, baadhi ya Wapolandi waliookoka wakaja kupewa kambi Kondoa, kwa wale wale walioandikwa katika kitabu chake kile. Walioandikwa mwanzo wakawa wenyeji wa walioandikwa mwisho.

Hitler na watu wake walisema Wapolandi na Waslavi wote ni watu duni, walioumbwa kutumika. Zaidi ya milioni moja walipelekwa Ujerumani kufanya kazi za lazima. Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini. Machi 1940 ilitolewa amri kwamba kila mfanyakazi wa Kipolandi aliyeko Ujerumani ashone kwenye nguo yake alama yenye herufi P. Kwa nini? Walisema Mpolandi ni mtu wa aina nyingine kabisa, tena duni, na uso wake unaonyesha. Kama uso unaonyesha, herufi ya nini? Jibu ni rahisi. Walivuliwa koti wakasimama bega kwa bega na Wajerumani, na hakuna aliyeweza kuwatenga. Uso ulikataa kutoa ushahidi, ikabidi ushahidi ushonwe kwa sindano na uzi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Wayahudi na ile nyota ya njano.

Na wakati ule ule walipokuwa wakisema Wapolandi ni duni, watu wa Hitler walikuwa wakipita kwenye nyumba na vituo vya yatima vya Polandi wakiwakagua watoto. Mtoto mwenye nywele za ndevu za mahindi na macho ya maji ya kisima alipimwa, na akifaulu alinyang'anywa, akapewa jina la Kijerumani, akapelekwa kulelewa na familia ya Kijerumani kama Mjerumani. Maelfu ya watoto walichukuliwa namna hiyo, na wengi hawakurudi kwa mama zao. Angalieni ujanja huo: baba ni duni, lakini mtoto wake wa kumzaa, kwa sababu ya nywele, ni wa damu bora. Kama sayansi yao ingekuwa ya kweli, isingehitaji kuiba.

Wala msidhani ni Hitler peke yake. Marekani mwaka 1924 ilitunga sheria ya wahamiaji iliyopunguza kwa nguvu idadi ya watu kutoka mashariki na kusini mwa Ulaya, Wapolandi wakiwamo, na wasomi wa rula ndio waliosaidia kuitetea. Wakati huo Mpolandi alionekana mwenye sura ya kigeni mno kwa Marekani. Leo ukimwambia Mmarekani hivyo atashangaa.

Turudi Afrika, ndugu zangu, maana nyani haoni kundule. Yale mapimo ya Rwanda hayakuishia kwenye vitabu. Wakoloni walishika hadithi ya kwamba Mtutsi ni mrefu mwenye pua nyembamba na Mhutu ni mfupi mwenye pua pana. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakatoa vipande vyenye kuandikwa kabila la kila mtu. Nauliza tena lile swali: kama pua inasema, kipande cha nini? Watu hawa walikuwa na lugha moja, vilima vimoja, ndoa za kuoana. Pua haikutosha, ikabidi kuandika. Na mwaka 1994, katika siku mia moja, watu wapatao 800,000 au zaidi walipouawa, ni vipande hivyo vilivyokuwa vikidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Aliyekosa kipande alitazamwa uso. Walikuwamo Wahutu waliokufa kwa sababu tu walikuwa warefu. Wahenga walituambia, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Je, sisi tulitia maji? Nitawaeleza jambo ambalo sijapenda kulisema redioni kwa miaka mingi.

Mnakumbuka migogoro ya wakulima na wafugaji katika mkoa wetu wa Morogoro. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, waliuawa watu 38. Hofu ilitapakaa mpaka upande wa Turiani. Katika siku hizo nilikuwa ndani ya basi. Njiani tukasimamishwa na kundi la vijana wenye marungu na mapanga. Hawakuuliza jina wala kijiji. Walikuwa wakitazama masikio. Nyuma yangu alikuwa kijana mmoja mwenye ndewe zilizotobolewa na kuvutwa. Wakamwambia, "Wewe Mmasai, shuka."

Kijana akasema yeye si Mmasai. Wakamcheka. Wakamshika mkono. Basi zima tulikuwa tumeinamisha macho, na mimi niliyesoma vitabu hivi vyote niliinamisha macho pamoja nao. Aliyesema alikuwa bibi mmoja aliyekuwa na kuku wawili kwenye kapu. Alisimama akawaambia: "Wajukuu zangu, huyu ni Mgogo. Sikilizeni anavyosema. Kwani nyie hamjaona masikio ya Wagogo?" Wakamtaka kijana aseme Kigogo. Akasema huku akitetemeka. Wakamwachia.

Tulipoondoka watu wakamshukuru Mungu, nami nikashukuru. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nikijiuliza: je, angekuwa Mmasai kweli? Tungesema amestahili? Bibi yule alifanya alichoweza, na alifanya zaidi yangu mimi niliyekaa kimya. Lakini kijana yule alipona kwa sababu kipimo kilikosea, wala si kwa sababu tulikikataa kipimo.

Czekanowski naye alifikishwa hapo hapo. Walikuwapo Wakaraimu, watu wachache wa Polandi na Lithuania wenye kufuata Torati ya Musa. Wajerumani walikuwa wakijiuliza kama ni Wayahudi wa kuuawa. Mwaka 1942 profesa yule alitumia elimu yake ya kupima akawashawishi kwamba Wakaraimu asili yao ni Waturuki, si Wayahudi, na anasifiwa kwa kusaidia kuwaokoa. Ni jambo jema, nani atakayelilaumu? Lakini jirani zao Wayahudi hawakuwa na profesa wa kuwaambia wauaji kwamba rula imekosea. Kwao rula haikukosea. Walikufa. Ndiyo sababu nasema, anayejitetea kwa rula leo amemwachia rula hiyo muuaji aitumie kesho kwa mwingine.

Na yale mafuvu ya Berlin? Yalikaa masandukuni kwa zaidi ya miaka mia moja. Yaliyotoka Rwanda, Tanzania na Kenya ni zaidi ya elfu moja. Katika miaka ya karibuni wasomi wa Kijerumani wenyewe wameanza kuyachunguza wapate kuyarudisha. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba, kwa kulinganisha vinasaba, wamepatikana ndugu wa damu walio hai hapa Tanzania. Ona basi mambo ya dunia. Mafuvu yalibebwa yaseme nani bora na nani duni, hayakusema. Yalipoulizwa kwa heshima, yakataja jamaa zao.

Dunia yenyewe imeendelea kuicheka rula. Emmanuel Olisadebe alizaliwa Nigeria, akapewa uraia wa Polandi mwaka 2000, na mwaka 2002 katika Kombe la Dunia aliifungia Polandi goli dhidi ya Marekani. Mwaka 2010 John Godson, mzaliwa wa Nigeria, aliingia bunge la Polandi kama mbunge wa kwanza mweusi. Sisemi kwamba huko ubaguzi umekwisha. La hasha, kama ambavyo kwetu haujakwisha. Nasema tu kwamba kijana wa Turiani anayedai Mpolandi lazima awe na nywele za njano amechelewa habari.

Na hapo Turiani penyewe somo liko jirani. Misheni ya Mhonda, pale mlimani, ilifunguliwa mwaka 1877 na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Wengi wa mapadre wa mwanzo wa shirika hilo huku kwetu walikuwa wazaliwa wa Alsace, jimbo ambalo mwaka 1871 lilitolewa Ufaransa likawa Ujerumani, na baada ya vita ya kwanza likarudi Ufaransa. Padre alilala Mfaransa kwao kukaamka Ujerumani, na pua yake ni ile ile. Baada yao wakaja Waholanzi. Babu zetu wote hao waliwaita wazungu, basi.

Sasa nimalizie stendi. Basi langu lilikuwa karibu kuondoka. Yule mama wa Polandi aliingia mgahawani kununua maji, akamwona mzee, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. "Shikamoo babu." Mzee akasita. Halafu akajibu, "Marahaba mama." Nikamweleza yule mama kwamba babu huyu aliwaona Wapolandi Morogoro akiwa mtoto. Akaweka chupa mezani. Akauliza kitu kimoja tu: "Walikuwa na njaa?"

Mzee akafikiri. "Hapo Morogoro walikula," akasema. "Lakini walikula haraka haraka, kama watu waliowahi kukosa."

Yule mama akasema, taratibu, akitafuta maneno, kwamba bibi yake mzaa mama alipelekwa Siberia akiwa na miaka minane, na mpaka alipozeeka alikuwa anakula hivyo hivyo, haraka haraka, na mkate mmoja akiuficha chini ya mto. Mzee akamtazama muda mrefu. Safari hii hakutazama nywele. Akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi, akamwambia mwenye mgahawa: "Mletee mwanangu chai. Huyu ni Mpolandi kweli."

Ndugu wasomaji, mzee wa watu alikuwa amemtambua. Hakumtambua kwa pua wala kwa rangi ya jicho. Alimtambua kwa habari yake, kwa sababu alimpa nafasi ya kuisema. Kijana yule wa kwenye basi hatukumpa nafasi hiyo mpaka bibi wa kuku alipoidai kwa niaba yake. Siku nyingine mtu akiambiwa "shuka" kwa ajili ya masikio yake, au pua yake, au weupe wake, naomba tusimame kabla ya yule bibi. Na tusiseme "huyu siye". Tuseme hapana hata kama ndiye.

Tukutane juma lijalo.